Kilimi cha Fatuma

Muyinga, 3 Februari 2025

Mwanangu Shakila,

Asalaam aleikum. Mi na mama yako tuko wazima, mgongo tu unanisumbua kwa kuinamia cherehani. We uko aje huko Gitega? Unakula?

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza maneno. Jana mzee Amissi ameniuliza unasomea nini. Nikamwambia ortofoni, kutibu watu wenye shida ya kusema. Akacheka mpaka akakohoa: “Kusema nako kunasomewa?” Alors, nauliza: nani Muyinga atakupa kazi? Rudi, uingie uuguzi.

Halafu Fatuma, mtoto wa kaka yako Mustafa, ametimiza miaka mitatu, hata neno moja hajasema. Bibi yako anasema ni kilimi, kile kinyama cha kooni, kimekuwa kirefu. Ijumaa tunampeleka akakatwe.

Baba yako, Chabani

Gitega, 6 Februari 2025

Baba yangu,

Waaleikum salaam. Mi mzima, na nakula. Pole na mgongo.

Barua imefika leo. Nimekupigia mara sita, simu haipatikani. Ya uuguzi tutabishana baadaye. Msimkate, nakuomba! Kilimi hakimzuii mtoto kusema. Mkalishe akupe mgongo, upige sufuria kwa nguvu. Asipogeuka, shida iko masikioni. Nampa dereva wa basi barua hii, ameapa itafika kesho kabla ya swala.

Mwanao, Shakila

Muyinga, 17 Februari 2025

Mwanangu,

Salamu nyingi. Umeme ulikatika siku nne, simu ikazima. Basi nalo liliharibika njiani, barua ikafika Jumamosi. Tulikuwa tumeshamkata. Mi ndiye nilimshika kichwa. Alitoka damu, akapata homa wiki nzima. Sasa anakunywa uji, alhamdulillahi. Naona haya, mwanangu. Barua hii nimeianza mara tatu.

Jana nikapiga sufuria. Mama yako alishtuka, akanigombeza. Fatuma hakugeuka. Nikapiga tena, yeye anachezea vifungo vyangu tu.

Mama yako akasimulia sokoni habari ya sufuria na ya masomo yako. Leo wamekuja wanawake watatu na watoto wao, mmoja ametoka Giteranyi kwa baiskeli. Wanamtafuta daktari wa kusema. Nimewaambia bado anasoma, imebaki miaka miwili. Huyo wa Giteranyi akaniuliza, “Kwani hakuna mwingine?”

Nimezunguka mji mzima nikiuliza. Hakuna. Maliza masomo, mwanangu.

Baba yako, Chabani