Kaseti ya Paras Iliyovunja Fainali ya Breki

Kwa heshima na taadhima, familia ya Bwana Umakant wa Mchafukoge inautangazia umma kwamba leo umetimia mwaka mmoja tangu ututoke wewe, Paras, Mkurugenzi Mkuu wa Ngoma za Mashine, Kariakoo na Vitongoji Vyake.

Cheo hicho nimekupa mimi, mdogo wako Ronak. Wewe ulikuwa na redio moja ya deki mbili, uliyoinunua bidhaa za nje zilipoanza kuuzwa hadharani, ukaiweka kwenye kona ya duka la vitambaa la baba.

Ulikuwa na subira kuliko sisi sote. Kwenye santuri, ile sehemu ya ngoma tupu huisha kabla mcheza dansi ya breki hajapata kasi. Wewe uliinakili kwenye kaseti, ukarudisha, ukainakili tena, mara ishirini na zaidi, ukihesabu kwa midomo, mpaka sekunde tano zikawa dakika mbili na kiungo kisisikike.

"Huyu mpiga ngoma hachoki?" baba aliuliza.

"Hana mikono, baba. Ni mashine."

"Basi mlete anipimie vitambaa."

Rafiki yako mkubwa alikuwa Seifu, ambaye baba yake ni kuli bandarini. "Nipe dakika mbili tu, Paras," alikuwa akisema, "nizunguke kwa kichwa mpaka waamuzi waone kizunguzungu."

"Wewe tunza shingo. Ngoma niachie mimi."

Siku ya fainali ya mashindano ya breki, Jumamosi mchana, Seifu akiwa juu ya kichwa, ngoma ya kaseti yako ilikatika. Ikatoka sauti ya mwalimu wa zamu: "Nani kajificha chooni? Toka, nakuona!" Ukumbi mzima ukacheka. Seifu akaanguka.

"Umeniuza, Paras," alisema mbele ya watu.

"Nisamehe. Nimekosea kurekodi."

Hakukanyaga tena dukani. Miezi miwili baadaye homa ilikuchukua kwa siku nne, na hata msibani hakuonekana.

Sasa dada yetu Nirali hufuta vumbi redio yako kila asubuhi, lakini hadi wiki hii hakuna aliyeiwasha. Nikija likizo kutoka shule ya bweni nalala chumbani kwetu, kitanda chako kimetandikwa. Nahesabu kwa midomo kama wewe. Nafika ishirini, na hakuna kinachoanza.

Juzi mama alikuwa anatafuta picha yako ya tangazo hili, akaikuta kaseti ile kwenye droo yako. Akaiweka redioni. Ngoma ikapiga, kisha mwalimu wa zamu akafoka. Mama akanigeukia.

"Ronak. Hiyo sauti ya nani?"

Nirali akachukua jalada la kaseti, akasoma mwandiko wako: "Sauti ya Ronak, Juni 1991. Isifutwe."

Kumbe ulinitambua palepale ukumbini, ukabeba lawama yangu.

Ni mimi niliyemwigiza mwalimu, kaka. Ulivunja vile vijino vya mgongoni mwa kaseti ili mtu asirekodi juu yake. Mimi nikaziba matundu kwa karatasi, nikarekodi utani wangu. Nilidhani ungeisikiliza nyumbani kwanza, tucheke wawili.

Seifu, kama gazeti hili limekufikia: Paras hakukuuza. Niliyekuangusha ni mimi. Redio ipo palepale, na kaseti nyingine ya ngoma yako aliyokutengenezea Paras, nzima, ipo ndani yake. Njoo uiwashe.

Wanaokukumbuka: baba yako Umakant, mama yako Rekha, dada yako Nirali, na mimi, Ronak.

Kwetu hutafutika.