Ukuta wa Mzee Nehemiah

Malava,
14 Septemba

Kwako kaka Ignatius,

Pokea salamu zetu sote wa hapa nyumbani. Sijui kama kile kifua kimekuachilia, au wifi Chepkirui bado anakulazimisha kunywa tangawizi. Mwache akulazimishe, wewe si mtu wa kujitunza. Mama anaendelea vizuri, ila bado anasonga ugali wa watu wawili, halafu ananiita nimsaidie kuumaliza.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia na namba yako ninayo. Kwa simu ungenikatia kabla sijamaliza, au mimi mwenyewe ningeanza mizaha yangu na kukimbia neno. Kwa hiyo vumilia, usome mpaka chini.

Unakumbuka nilivyorudi kutoka chuo cha ufundi cha Sigalagala na cheti, kikundi chetu cha akina mama kikaazimwa ile mashine ya kushindilia matofali. Nilijivuna mno. Nilimwambia Baba tanuru lake sasa lizimwe, kwamba udongo na saruji kidogo vikishindiliwa vinatoa tofali linaloshikana na mwenzake bila kuchomwa wala kukata mti hata mmoja. Hakukasirika. Kila asubuhi alikuja kuuliza mkono wa mashine unavutwa vipi, akapapasa tofali, na akakiri mbele ya watu kwamba limenyooka kuliko yake. Watu wanasema alikuwa mkaidi. Kaka, aliipenda ile mashine kuliko nilivyoipenda mimi.

Jiko la Mzee Nehemiah ndilo lilikuwa kazi yetu ya kwanza, na yaliyofuata unayajua. Mvua ya Mei ilipokolea, matofali yalivimba, ukuta mmoja ukamwangukia na kumvunja mguu. Tulipoitwa kwenye kikao, Baba alisimama akasema yeye ndiye aliyechota udongo wa bondeni siku ambayo mimi sikuwepo, kwa sababu hakuyaelewa mambo ya mashine. Waliamini upesi. Tangu hapo hakuna aliyemwita hata kurekebisha choo, fundi wa miaka arobaini. Elvis, ambaye Baba ndiye aliyemfundisha kushika mwiko, alikuwa akipita hapa mlangoni bila kumsalimu.

Agosti tukamzika. Ulipopewa nafasi ya kusema, ulisema Baba alikuwa mtu mwema, ila hakutaka kusikia la mtu, na kwamba sisi watoto tujifunze kutoka kwa kosa lake. Nilikuwa nimekaa karibu na Mama. Nikatingisha kichwa kama nakubali.

Kaka, siku hiyo ya udongo wa bondeni nilikuwepo. Udongo mwekundu ulipotuishia ni mimi niliyetuma watu bondeni, kwa kuwa ni karibu. Baba alichukua kidogo, akaulowesha, akauviringisha kiganjani, akasema huu unavimbanga, tutafute mwingine. Nilimjibu mbele ya vibarua kwamba kupima udongo kwa kiganja ni mambo ya zamani. Na chuoni tulifundishwa tuuweke kwenye sanduku siku saba tuone unavyosinyaa kabla ya kushindilia. Sanduku lilikuwa stoo. Sikulitoa, kwa sababu Nehemiah alikuwa ameshaalika wageni waje kuona jiko la kisasa, na mimi nilitaka kuonekana.

Kabla ya kile kikao Baba aliniita nyuma ya nyumba akaniambia nisifungue mdomo. Alisema jina lake limeshafanya kazi yake, langu ndilo linaanza. Nami nikanyamaza, nikaona afadhali. Hilo ndilo linanitesa, kwamba niliona afadhali.

Jana nilienda kwa Nehemiah nikamweleza yote. Alinyanyuka na mkongojo wake akaingia ndani. Jumapili nitayasema kanisani, Elvis naye asikie.

Kuna moja limebaki. Ile jioni uliyompigia Baba ukamwambia amekuaibisha, mimi nilikuwa hapo, sauti yako niliisikia. Ulipokata, Mama aliuliza ulikuwa unasema nini, naye akasema Ignatius anatusalimu sana.

Msalimie wifi na watoto. Kama huwezi kuniandikia mimi, sitakulaumu, lakini mpigie Mama.

Mdogo wako,
Navalayo