Pembe Moja Ilienda Naye

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Leo nimekataa kazi. Mimi!

Nurudin, kijana wa Zuleka mwenye bucha karibu na msikiti, amekuja na gari lake jipya. Jeupe, la Kiitaliano, limetumika huko lilikotoka lakini linang'aa. Watoto wote wa mtaa wetu wa Dallas walilizunguka. Anataka nitarizi alama pale juu ya viti panapoegemezwa kichwa. Pembetatu nyeupe, ndani yake jani la kijani la vipande vinne. Akanionyesha kwa simu.

Nikatoka na futi yangu shingoni, nikalizunguka gari. Nyuma limeandikwa Veloce. Ubavuni hakuna jani. Nikamuuliza, jani lako liko wapi? Akacheka. Eti jani ni la dada mkubwa wa hili, lile lenye nguvu karibu mara mbili. Hili lake ni Veloce tu.

Wueh! Nilimpa vyake. Miaka tisa nashona beji za shule katika mji huu, na sijawahi kumshonea mtoto beji ya prefekti kwa sababu mama yake amependa rangi. Asiyestahili havai. Akasema, Mama Njuki, nani Embu atajua? Mimi nitajua!

Hakukasirika. Aliniachia nusu kilo ya matumbo. Zuleka alimlea vyema.

Jumanne, 7 Oktoba

Amerudi! Na simu mkononi, anifundishe. Eti kule Italia kila jina lina maana. Veloce ni kasi, basi. Ti ni safari za kimataifa — na likifika huku litaenda Runyenjes kuchukua mbuzi. Kampuni nyingine wana Trofeo. Kombe. Nikamuuliza, kombe la kushinda nani?

Lakini kuna kitu kilikuwa kinaniwasha tangu jana. Jani la vipande vinne linakaa vizuri kwenye mraba, kila kipande na kona yake. Kwa nini pembetatu? Fundi hapunguzi kona bila sababu.

Akasoma. Zamani, miaka mia na zaidi, palikuwa na dereva wa mashindano, kila mara ni wa pili, wa pili. Siku moja akachora jani hilo kwenye mraba mweupe ubavuni mwa gari lake, litafute bahati. Akashinda! Mwaka uo huo akaenda kujaribu gari jipya. Hilo lilikuwa bado halijachorwa jani. Akafa nalo. Tangu hapo wenzake wakaondoa pembe moja kwenye ule mraba. Ndiyo maana ni pembetatu mpaka leo. Pembe moja ilienda naye.

Nikakunja futi yangu, nikaikunjua. Nurudin akadhani sijaelewa, akaanza kunisomea tena.

Mwezi huu Gitari wangu, baba Njuki, anafikisha miaka minne kaburini. Alikuwa anaendesha pikapu ya maziwa, barabara ya Meru, asubuhi na jua. Nani alimwondolea pembe?

Nimekubali kushona moja. Ya kutundika ukutani kwake. Kwenye gari, hapana. Hapo sibadiliki.

Alhamisi, 9 Oktoba

Beverlyne amekuja kuangalia beji zao. Ni mwenyekiti wa chama cha akina mama kanisani, na jubilii ni tarehe kumi na tisa. Beji sitini na nne za kitambaa cha kichwa: mraba mweupe, msalaba wa zambarau, masuke mawili ya ngano. Nimezishona zote mimi, tangu chama kianze kuvaa beji.

Akaona ile ya Nurudin kwenye fremu.

Hii ni nini? Jani la gari, nikasema. Gari la nani? La Nurudin. Akarudi nyuma kama amekanyaga siafu. Pembetatu, akasema. Na jani. Na si la bangi hili?

Jamani! Mwanamke amezaliwa Imenti, huko Meru, kama mimi, amekulia katikati ya miraa, na hajui bangi inavyofanana! Nikamwambia hili ni jani la kulisha sungura, Beverlyne, lina vipande vitatu na mara moja moja likitoka na vinne watu wanasema ni bahati. Akasema, bahati ya nani? Mkristo hana bahati, ana baraka. Akapiga picha. Akaenda bila kuhesabu beji.

Nimemaliza ya Nurudin hata hivyo. Imetoka safi sana.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mama Gachoki wa nyumba ya pili amekuja na simu ameificha kwenye leso. Nisikilize. Sauti ya Beverlyne kwenye grupu ya chama: wapendwa, tuombe, fundi wetu ameingizwa kwa mambo ya Iluminati na watu wa magari makubwa, beji zetu zimelala nyumba moja na ile alama. Chini yake picha. Chini ya picha mikono ya kuomba, mingi, imejaa hadi huko chini.

Mimi simo kwenye hiyo grupu. Siwezi kuwemo. Hapa kitambaa unavalishwa ukiwa umefunga ndoa kanisani, na mimi na Gitari tulikuwa tumepanga Desemba. Mbuzi za mahari zilishafika Githongo kwa baba yangu, zote, hata ya mjomba. Suti ilikuwa kwa fundi. Oktoba akafa. Nikaambiwa pole sana, Mama Njuki, lakini ulikuwa bado. Bado! Miaka kumi na saba nilikaa naye, nikamzalia Njuki, nikamuosha miguu alipovunjika. Bado.

Nikakubali. Hicho ndicho kinaniuma leo. Nilikubali kama ng'ombe.

Jumapili, 12 Oktoba

Nilienda. Kwa nini nisiende? Nilikaa benchi la nyuma, letu la wasio na kitambaa: wasichana waliozaa nyumbani, wajane kama mimi, na Mama Mbaka ambaye mzee wake hataki kusikia habari ya kanisa.

Mbele yangu vichwa sitini vyenye uzi wangu. Najua kila kimoja. Ule msalaba umeinama kidogo ni wa mwaka ule umeme ulikuwa unapotea potea. Ile ngano nyeusi nyeusi, uzi wa rangi ulikuwa umeisha, nikachanganya. Pasta aliomba juu ya alama zinazoingia mtaani kwa siri. Vichwa vyote vikainama, na beji zangu juu.

Baada ya ibada Beverlyne akanishika mkono. Kwa upole, hiyo ndiyo mbaya zaidi. Eti beji za jubilii amempa fundi wa Runyenjes. Eti si kwamba wananichukia. Mikono yangu iombewe kwanza. Halafu akasema: unajua, dada, mwanamke asiye na kifuniko, vitu vinamwingia rahisi.

Kifuniko! Mimi ndiye nimewafunika!

Hayo niliyasema nilipofika nyumbani, kwa sufuria.

Jumanne, 14 Oktoba

Mwalimu Nthiga, naibu wa mkuu kwenye shule ya wasichana ninayoishonea, amepiga simu. Sweta za Gredi ya Kumi nisimamishe kwanza. Kuna mzazi amelalamika. Yeye mwenyewe haamini mambo hayo, lakini unajua wazazi. Najua wazazi. Najua pia huyo mzazi ana bintiye hapo na anaitwa Beverlyne.

Shule ikienda, nafunga. Hakuna maneno mengine. Mashine mbili hazilishwi na vitambaa vya meza.

Zuleka alikuja mchana. Alikaa akichambua mchele wangu. Nurudin anataka kwenda kanisani kuwaeleza. Nikamwambia Zuleka, mfungie huyo mtoto ndani! Mwislamu asimame mbele ya chama aeleze Iluminati? Tukacheka mpaka machozi. Akaniambia siri: gari la mume wa Beverlyne limeandikwa Turbo nyuma kwa herufi za fedha, na halina turbo. Nurudin aliliangalia. Zimebandikwa kwa gundi.

Asiyestahili havai, nilimwambia Nurudin. Nilijiona nina akili. Kumbe hayo ndiyo niliambiwa mimi, na nikawa nayarudia kwa mdomo wangu kama kasuku. Gari hupimwa injini, ikajulikana kama ni Veloce ama ni lile lenye jani. Mimi nani alinipima? Fungua uone! Miaka kumi na saba!

Jumamosi, 18 Oktoba

Jana miaka minne. Hakuna aliyekumbuka ila Njuki, alipiga kutoka chuoni Meru.

Leo saa nne simu. Beverlyne! Sauti ya asali. Fundi wa Runyenjes ameshona misalaba imeangalia upande, na masuke yanafanana na chapati. Jubilii ni kesho, askofu anakuja. Zile zangu sitini na nne, je, zilikuwa zimeisha?

Zilikuwa zimeisha tangu ile Alhamisi. Mimi siachi kazi njiani.

Eti basi watazipitia asubuhi, waziombee kidogo tu. Kidogo tu! Nikamwambia, njooni saa moja na nusu.

Nikaweka simu. Nikachukua mraba mweupe uliobaki. Nikaukata kona kwa kona. Kwenye nusu moja nikashona msalaba wa zambarau na masuke mawili, uzi uleule, mshono uleule. Sijawahi kushona vizuri hivyo. Ile nusu nyingine, ile pembe tupu, nikaiweka mfukoni nikapanda boda hadi shambani kwa kina Gitari, nje ya Runyenjes. Mama yake alikuwa anachuma kahawa. Hakuniuliza. Nikaizika kaburini kwa vidole, upande wa kichwa.

Nimerudi, nimeishona ile beji kwenye kitambaa cha kichwa, nimekipiga pasi.

Jumapili, 19 Oktoba

Saa moja na dakika ishirini. Nimekivaa. Nimejitazama kwenye kioo cha wateja. Pembetatu katikati ya paji la uso, haijifichi. Ile ya Nurudin iko ukutani nyuma yangu, hajaichukua, na sitaitoa kwa ajili ya mtu.

Naogopa. Wacha niandike hivyo. Askofu anakuja, shule wataambiwa, na mimi nimevaa kitu sijavalishwa.

Hodi. Ni watatu.

Wameingia. Naandika hapa kaunta, wanadhani ni risiti. Mama Gachoki yuko nao, ameona kwanza, ameziba mdomo na leso. Wa pili anahesabu beji kwa sauti, kumi na nane, kumi na tisa. Sasa amepoteza hesabu.

Beverlyne ananiangalia kichwa. Anaangalia ukutani. Anarudi kichwani. Maombi hajaanza. Mkono umeenda juu umegusa beji yake mwenyewe, kona zote nne, kama mtu anayetafuta hereni.

Ameuliza, taratibu, si kwa ile sauti ya grupu: Mama Njuki, hiyo pembe ingine iko wapi?

Nimemwambia, iko na mume wangu.