Dakika Mbili za Mshtarii

Kakuma, Jumanne, 17 Februari 2026

Kwa Baba yangu wa ubatizo, Mwalimu Lomenen,

Amani ya Bwana iwe nyumbani mwako. Natumaini goti lako limetulia baada ya kulalia mchanga. Sisi hapa tu wazima. Mama Abul, mshonaji wetu, anakusalimu sana, na anasema Kwaresima hii usifunge mpaka ukonde kama mwaka jana, kwa maana nguo zako ndiye aliyezipunguza.

Baba, nakushukuru kwa kuja na wakatekumeni wako, wanaongoja ubatizo, kule mchangani, upande wa barabara ya Kalokol. Mgeni aliyeiachia shule yetu ile darubini ya miguu mitatu hakujua amenipa furaha kiasi gani. Nimeipakata njia nzima kama mtoto mchanga, na kuwaona wanafunzi wangu wa kambini na watu wako wa Lodwar wamejipanga mstari mmoja kungoja zamu ya kuitazama sayari ya Mshtarii, hilo sitalisahau.

Nina ombi. Wanafunzi wangu kumi na wawili hawakupata kibali cha kutoka kambini. Mwenzao Dut, aliyekuwapo, amewasimulia, lakini wanamjua Dut: chapati akiieleza inakuwa kubwa kuliko karai. Amekuiga ulivyoinama na kusema, "Utukufu ulioje! Naiona miezi yake, yote minne!" Wamecheka, hawakusadiki. Wanasema, "Mzee mwenyewe aandike, tutaamini."

Niandikie ukurasa mmoja, Baba, wa yale uliyoyaona. Nitawasomea darasani.

Binti yako wa ubatizo,
Akuch

*

Lodwar, Jumanne, 24 Februari 2026

Mpendwa binti yangu Akuch,

Salamu katika jina la Mwokozi wetu. Barua yako imenifikia kwa gari la misheni. Goti linaendelea vizuri. Mwambie Mama Abul kwamba nakula kila jioni, na nguo bado zinanitosha.

Nimechelewa kukujibu. Mara tatu nilikaa mezani kuuandika ule ukurasa, na mara tatu nikaiweka kalamu chini. Sasa nitakuandikia kweli, nawe utaamua uwasomee nini watoto.

Sikuona kitu. Zamu yangu ilipofika niliinama, nikafumba jicho moja kama ulivyotuonyesha, nikaweka lingine pale kwenye kioo, nikakuta giza. Nilingoja. Niliwasikia watu nyuma yangu wakisema, "Kimya, Mwalimu anatazama." Nikadhani ni macho yangu ya uzee. Ilikuwa jioni ile ile niliyowaeleza kwa nusu saa namna mbingu zinavyomsifu Muumba, nikaona aibu kuinuka mikono mitupu. Walionitangulia mstarini walikuwa wametaja miezi minne, basi nikaitaja. Maneno yale anayoyaigiza Dut niliyatunga.

Uongo huo ungekuwa wangu peke yangu kama asingefuata Mama Atiir. Unamkumbuka, yule mjane mrefu anayesuka vikapu, aliyekuwa amejifunga shuka nyekundu. Alitazama, akasimama wima, akasema, "Hapa hakuna kitu. Ni giza tu."

Kijana Aukot akamjibu, "Aa, mama! Mwalimu ameona mpaka mwezi wa nne, wewe huoni hata mmoja? Labda ni mpaka ubatizwe kwanza!"

Watu wote wakacheka. Neno langu moja lingetosha, Akuch, nami nikalimeza. Mama Atiir alikwenda kukaa kando ya lori, na asubuhi hakusema na mtu njia yote.

Jumamosi hakuja kwenye mafundisho. Jana yake nilikuwa nimemtuma Akoru, jirani yake, akamwambie tunamngoja. Alileta jibu kwamba ana vikapu vingi. Na juzi, Dominika ya kwanza ya Kwaresima, wale watakaobatizwa usiku wa Pasaka waliandika majina yao katika kitabu mbele ya altare. Tisa waliandika. Yeye, aliyesoma nami kwa miaka miwili akivuka mto kila Jumamosi, hakuwapo. Padre amesema kitabu kitafunguliwa mara moja tu tena, Dominika ijayo, kwa waliokuwa na udhuru.

Naogopa ameamini kwamba Mungu amemfungia mbingu na kuwafungulia wengine. Kama ameamini hivyo, ni mimi niliyemfundisha.

Niombee.

Baba yako wa ubatizo,
Lomenen

*

Kakuma, Alhamisi, 26 Februari 2026

Baba mpendwa,

Amani kwako. Siulizi habari za goti. Safari hii nauliza habari za moyo. Nakuandikia upesi ili gari la misheni lisiniache.

Macho yako hayana kosa, Baba. Kosa ni langu.

Darubini yetu ni ndogo, haina mtambo wa kuifuata nyota. Dunia inapozunguka, Mshtarii inapita mbele ya kioo na kutoka, kama mtu anayepita mbele ya dirisha. Hukaa hapo dakika mbili, tena kwa taabu. Ndiyo maana nilisimama pale tangu mwanzo nikiisogeza kidogo kila baada ya mtu mmoja. Karibu na zamu yako niliitwa kumwosha macho mtoto aliyeingiwa na mchanga. Niliporudi, Mama Atiir alikuwa anaondoka na watu wanacheka kwamba haoni ulichokiona wewe. Niliinama kupima: palikuwa na anga tupu. Nikaisogeza kimya kimya, na mstari ukaendelea.

Kwa hiyo nilijua, Baba. Nilijua palepale kwamba ulitazama giza ukasema umeona. Nikajiambia, nitamwaibishaje aliyenishika mkono kwenye kisima cha ubatizo nikiwa na miaka sita? Nikakulinda wewe, na yule mama nikamwacha achekwe. Kisha nikakuomba uandike! Nilitumaini labda ulibahatika kuiona ikitoka pembeni. Nilitaka kuamini hivyo.

Katika mstari ule wote, wakati ule, mtu mmoja tu alisema kilichokuwapo. Ni yeye.

Ningekuja mwenyewe kumwambia, lakini kibali huchukua wiki mbili, na Dominika imebaki siku tatu. Nenda wewe, Baba. Mweleze habari za zile dakika mbili. Akitaka, mwambie nitaileta darubini mpaka mlangoni kwake.

Watoto bado wananidai ukurasa wao. Utoto wangu wote wewe ulikuwa ukinirudisha kiti cha mbele, kwa adhabu, kila nilipokudanganya kuhusu sala za jioni. Sasa sijui nikuweke kiti gani. Nakupenda vilevile.

Binti yako,
Akuch

*

Lodwar, Jumamosi, 28 Februari 2026, jioni

Binti yangu Akuch,

Neema na amani. Barua yako ilifika jana saa nne, na saa tano nilikuwa juu ya bodaboda navuka daraja la Turkwel.

Nilimkuta Mama Atiir ameketi kivulini mwa kibanda chake, anachana majani ya mkoma. Hakuinuka.

"Ejok, Mwalimu," akanisalimu kwa Kiturkana. "Umekuja na nyota yako?"

Nikamwambia nimekuja kuungama. Nikamweleza yote: giza nililolikuta, uongo nilioutunga, na zile dakika mbili kama ulivyoziandika. Alisikiliza bila kuacha kazi.

"Kwa hiyo macho yangu ni mazima," akasema.

"Ni mazima kabisa."

"Hayo nilikuwa nayajua. Mimi naona mbuzi wa mtu mwingine akiwa ng'ambo ya mto. Unafikiri nilibaki nyumbani kwa sababu ya macho?"

Nikamwuliza basi alibaki kwa sababu gani.

Akaweka majani chini. "Nilikuwa nyuma yako, Mwalimu, karibu kabisa. Kichwa chako kilikaa muda mrefu, mabega hayakucheza. Mtu akiona kitu kikubwa, mabega yanacheza. Nikajua hujaona. Halafu ukasema umeona, na sauti ilikuwa ile ile. Ile unayotusomea nayo habari za wanawake waliokwenda kaburini wakalikuta tupu. Nikasema, haya. Na hilo nalo?"

Binti yangu, nimefundisha dini miaka arobaini na moja. Nimeulizwa maswali na mapadre, na walevi, na wanaokufa. Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza.

Akayarudia majani yake. Kisha nikasema, "Atiir, kaburi lile sikuliona. Niliambiwa na watu, nao waliambiwa. Niliwaamini, na maisha yangu yote nimeyaweka juu ya neno lao. Sijawahi kusema nilikuwapo."

"Lakini hukusema pia kwamba hukuwapo."

"Sikusema."

"Ungesema," akajibu, na safari hii sauti yake ilikuwa imelegea. "Mtu anayeamini kitu ambacho hajakiona, huyo namwelewa. Marehemu mume wangu alichimba kisima siku kumi na moja kwa kuamini tu. Yule anayesema ameona, huyo simwezi."

Nilimwomba msamaha. Akasema, "Mimi nimekusamehe ulipofika hapa. Lakini walicheka wote." Kuhusu darubini alisema usihangaike, nyota hiyo ipo tangu akiwa msichana, na hana haraka nayo. Hakuniambia kama atakuja kwenye mafundisho, nami sikuthubutu kumwuliza.

Leo asubuhi nilisimama mbele ya wakatekumeni tisa. Nilikuwa nimepanga maneno. Nikaanza, "Usiku ule mchangani, niliwaambia nimeona," na sauti yangu ilikuwa chini, kama mtu anayeongea na vidole vyake. Mtu akaziba mwanga wa mlangoni. Alikuwa yeye, na kikapu kichwani.

"Ongeza sauti, Mwalimu," akasema. "Waliocheka wamekaa huku nyuma."

Nikarudia tangu mwanzo, kwa sauti. Aukot alitazama chini. Baadaye alikwenda kumtua kikapu bila kuambiwa na mtu. Kisha nikawaeleza ninachokijua na ninachokiamini tu, kimoja baada ya kingine, wala sikuvichanganya. Tulichukua saa mbili. Sijawahi kufundisha polepole namna ile.

Wasomee watoto wako barua hii yote. Huo ndio ukurasa wao. Na mimi unikalishe kiti cha mbele, kama ulivyokuwa ukikaa wewe.

Walipokuwa wanatoka, Mama Atiir alisimama kando yangu akijitwisha.

"Kesho kitabu kinafunguliwa saa ngapi?"

"Saa tatu," nikamwambia.

"Nitakuja," akasema. "Nione kwanza."

Baba yako wa ubatizo, akupendaye,
Lomenen