Nimeunguza Picha za Mwali kwa Ubishi Wangu

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako kabla Ijumaa haijafika. Mimi ni mpiga picha hapa Tingi, naitwa sana kwenye harusi kwa kuwa ni mwanamke na naruhusiwa kuingia chumbani kwa mwali. Zamani nilikuwa naacha kamera kwenye oto ijipangie yenyewe, lakini watu walilalamika, kanzu nyeupe zikiwa nyingi nyuso zinatoka kama zimepakwa masizi, basi nikajifunza manyuo, kupanga mwanga kwa mkono wangu, nikaipenda mpaka nikaanza kujitapa mbele za watu kwamba oto ni ya wavivu na sitaigusa tena maishani. Ndipo ikaja harusi ya Hafsa. Kwao bibi mzaa mama ndiye anayemfunua mwali akishatolewa uani, na bibi huyo, Bi Somoe, amepita miaka themanini na alikuwa akiisubiri siku hiyo kwa hamu. Chumbani kulikuwa giza, pazia zimeshushwa, nikafungua mwanga wote wa kamera, picha zikatoka nzuri, mara vigelegele, mwali huyo anatoka kafunikwa kanga, nami nikakimbilia nje kwenye jua la saa saba nikapiga arobaini bila kubadilisha kitu, na kioo cha kamera kwa jua lile sikukitazama. Zote nyeupe kama karatasi, isipokuwa moja unaonekana mkono wa bibi umeshika pindo la kanga. Siku ya tisa leo nawaambia picha zinasafishwa. Mwenzangu Sebastiani, mpiga picha wa harusi za kanisani, ananiambia niseme kadi imeingia virusi, halafu nirudi kwenye oto niache maringo. Ijumaa Hafsa anakuja kwa bibi yake kuzichukua. Nidanganye, au niuze kamera nikalime ufuta?

Mwanaasha, Tingi

*

Marahaba, Mwanaasha. Pole, mwanangu. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Kamera huuzi. Ufuta nao unataka mtu makini, nao utaulaumu? Kabla ya kujibu barua hizi nilipiga picha za paspoti Lindi mjini miaka kumi na moja, na kosa lako nimelifanya zaidi ya mara moja. Manyuo haikukuangusha. Kwa kuishika uliahidi kuwa makini, kisha vigelegele vikakuchukua ukasahau kwamba umetoka gizani. Na oto haina uvivu wowote. Mvivu ni yule asiyetazama alichopiga, awe kwenye oto au manyuo.

Kwa hiyo acha nadhiri za kitoto. Chumbani, ambako mwali katulia na mwanga haubadiliki, panga mwenyewe. Anapotolewa na watu wanasukumana, rudi kwenye oto bila aibu, uiongezee mwanga kidogo kanzu zikiwa nyingi. Na kila unapovuka kizingiti, piga kiganja chako picha moja ya kujaribu mwanga, jifunike kanga kichwani uzuie jua, utazame kioo. Hata kama bibi harusi anatembea. Atasubiri, mwambie shangazi yake akushikie mlango.

Huyo Sebastiani msikilize kuhusu oto tu. Habari ya virusi mwachie mwenyewe. Mficha maradhi kifo humfichua, na wewe umeficha siku tisa. Unaingia vyumba vya wanawake kwa sababu wanakuamini. Ukishikwa na uongo mmoja, hakuna mlango wa mwali utakaofunguliwa kwa ajili yako, Tingi wala Kiranjeranje.

Usingoje Hafsa aje kukudai. Ijumaa uwe wa kwanza kufika kwa bibi yake. Picha ile ya mkono isafishe kubwa, umpe Bi Somoe mkononi, kisha sema: "Bibi, zilizobaki nimeziunguza mimi." Atakusema, na unastahili kusemwa. Nyamaza, usijitetee hata kwa neno moja.

Akimaliza, mwombe Hafsa alete kanga ileile upige upya. Usiwaambie watu kwamba ni picha za harusi, ni picha za Ijumaa. Lakini bibi yu hai, mjukuu yupo, na uani kuna jua. Piga kiganja chako kwanza, tazama kioo, ndipo umwambie Bi Somoe amfunue mwali wake.