Ini la Mzee Pazi

Temeke, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usiumize macho, usome mwenyewe. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko Upareni? Na mguu wa baba? Mimi siumwi, ila nimechoka, mama. Nalala na kuamka, uchovu uko palepale.

Umeniuliza kazi yangu hasa ni nini, maana huko kanisani wanasema nauza damu. Siuzi. Jioni nakaa kwenye mikorosho huku pembeni mwa Temeke, suruali nimeikunja hadi magotini, na mbu akitua mguuni namfunika kwa kichupa kabla hajauma. Wengine huniwahi. Asubuhi navipeleka vichupa kwa Bwana Daktari, Mwingereza mmoja mwembamba asiyecheka. Yeye huwasaga wale mbu, maji yao akawadunga panya wachanga, kisha anangoja aone kama watakufa. Anatafuta homa moja mbaya, homa ya manjano, inayomtoa mtu damu puani na kwenye fizi mpaka macho yanakuwa manjano. Inaletwa, anasema, na kijidudu kiitwacho virusi, kidogo mno, hata darubini yake haikioni. Mimi pia ndiye mkalimani wake tunapopita nyumbani kwa watu kuomba damu ya kupima. Ndiyo maana watoto wa mtaani wakiniona wanakimbia wakipiga kelele, "Mumiani!"

Nilipanga chumba kwa Mzee Pazi, Mzaramo, fundi wa kuezeka makuti. Mkewe, Bi Tatu, aliniita mwanangu tangu siku niliyofika na kisanduku changu. Ramadhani futari ikitengwa naitwa, ingawa wanajua sikufunga.

Baada ya masika Mzee Pazi akashikwa na homa. Hospitali hakutaka kuisikia. Damu ikaanza kumtoka puani, tukaweka vitambaa, haikukatika. Alfajiri akafariki, mimi nimemshika kichwa.

Kazi yangu ni kupeleka habari ya kila kifo cha namna ile. Nikaenda. Bwana Daktari akaja mara moja, akanivuta pembeni.

"Nahitaji kipande cha ini lake kabla hajazikwa. Kidogo kama kucha. Bila hicho hatutajua kamwe. Waombe."

Nilisimama uani mbele ya wafiwa, mama, nikaomba. Mzee Kondo, mdogo wake marehemu, akainuka.

"Kaka yangu ataingia kaburini mzima kama alivyozaliwa. Huyo Mzungu akitaka ini akachinje mbuzi!"

Nikageuka niondoke. Bi Tatu akaniita kutoka ndani. Alikuwa amempakata mjukuu wake, Mwajuma, naye anachemka kwa homa.

"Mwanangu, wakijua kilichomuua babu yake, watajua dawa ya huyu?"

Nikamtafsiria Daktari, aliyesimama mlangoni. Akasema, "Mwambie tukijua ugonjwa, tutajua pa kuanzia." Nikamwambia hivyohivyo, sikuongeza neno.

"Na wewe wasemaje? Yule simuulizi. Nakuuliza wewe."

"Mama, naona tumruhusu."

Akamtazama mtoto. "Basi afanye kabla waosha maiti hawajafika. Na wewe uingie naye. Mume wangu asiachwe peke yake na mgeni."

Niliingia. Nilimshika Mzee Pazi mkono, umejaa sugu za kamba. Daktari alivua kofia, akatia ubavuni chombo kama mrija wenye makali, akaziba pale kwa pamba. Ilikwisha upesi. Mkono ule sikuuachia hadi waosha walipobisha hodi.

Mzee Kondo alisikia kwa waosha habari ya ile pamba. Alimzika kaka yake, kisha akaondoka bila kumuaga shemeji yake. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaletea unga. Hajarudi mpaka leo. Bi Tatu akaingia eda, nami nikahamia nyumba ya ng'ambo ya barabara, maana haikufaa niendelee kulala pale. Mwajuma, kwa uwezo wa Mungu na uji wa mchele, alipona. Alikuwa anaruka kamba siku nyingi kabla majibu hayajafika.

Majibu yakaja. Kile kipande kilipelekwa kwa ndege mpaka Uganda, wenye ujuzi wakakitazama. Si homa ya manjano. Ni nini basi? Bwana Daktari alivua miwani, akajisugua macho. "Hatujui, Eliakimu," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza mimi kumwonea huruma.

Nikaenda kumwambia Bi Tatu. Dada yake alikaa mlangoni, yeye akanijibu kutoka nyuma ya pazia.

"Hawajui, mama."

"Hawajui kabisa?"

"Kabisa."

Nikamsikia akivuta pumzi. "Na kile kipande kiko wapi?"

"Kimebaki Uganda."

Dada yake akageuka kumtazama.

"Pazi hakuwahi kuvuka hata mto Ruvu," akasema. "Haya mwanangu. Ahsante kwa kuja kuniambia. Mwingine asingekuja."

Nikaaga.

Nisalimie baba, na shangazi mfinyanzi, na mjomba anayegawa maji ya mfereji, na dada yangu mkubwa pamoja na shemeji mwalimu. Waambie nipo.

Mama, huko Mbagala kuna mgonjwa anatokwa na damu puani, na kesho asubuhi tunakwenda. Akifa, mimi ndiye wa kuomba. Ingekuwa mimi nimelala pale, na kijana wa watu, asiye wa kwenu wala wa dini yenu, amesimama uani kwako anakuomba, ungemjibu nini? Jibu lako halitaniwahi, najua. Niandikie hata hivyo.

Mwanao,
Eliakimu