Kaunta ya Mama Mehta

Jumatatu, 3 Machi
Kalibu mbili za kumwagia kaunta za jikoni zimefunguliwa leo. Kaunta moja imejaa vitundu kama mandazi mabaya. Nimeziba. Mgongo unauma. Kazi ni ileile: mimi nasaga chupa na kuchekecha jivu la makapi ya miwa kutoka kwetu Bungoma, mume wangu Wekesa anachanganya simiti. Jivu linapunguza simiti, chupa zinapunguza mchanga. Ndiyo sababu wateja wanaojali mazingira wanakuja mpaka karakana yetu Kinoo, na Wekesa anajua kuwaeleza.

Jumatano, 5 Machi
Lavington, kwa mteja wetu Mama Mehta. Nilikuwa natoboa tundu la bomba kwenye kaunta tuliyomfungia wiki jana. Kipande kikadondoka. Ndani simiti tupu. Chupa zimepakwa juu tu, kama krimu ya keki. Jivu hata chembe.
Mama Mehta yuko kwenye simu, anamwambia dada yake jiko lake haliharibu dunia. Akaniletea chai. Nikaiacha ikapoa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemuuliza Wekesa. Hakukana hata. "Jivu linachelewesha simiti kukomaa, Nafula. Na watu wananunua stori, si simiti."
Tangu Krismasi! Magunia yangu yote ya jivu yako nyuma ya choo, yamelowa, yameota ukungu. Nimekohoa vumbi la jivu miezi hiyo yote, kumbe lilikuwa la kuota ukungu tu.
Mkono wake mezani unanitia kinyaa. Anavyotafuna pia.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeenda kumwambia Mama Mehta. Peke yangu. Alikuwa ameegemea kaunta, akaondoa mkono kama amegusa kitu kilichooza. "Nimewaleta watu wa hekaluni hapa kuiona." Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Itoeni."

Jumatatu, 10 Machi
Wekesa ameivunja kwa nyundo. Tukapakia vifusi kwenye pikapu. Kufika Kangemi akakata kona kuteremka mtoni. Pempasi, matumbo ya kuku, mikebe ya rangi, harufu ya kukata pumzi. Akafungua nyuma.
"Kila mtu anamwaga hapa."
Chini kidogo kuna mama anafua nguo za watoto. Ameinua kichwa, anatutazama. Amezoea watu kama sisi.
Nikapanda, nikakalia vifusi. "Basi unimwage na mimi."
Akafunga nyuma, tukarudi navyo Kinoo.

Alhamisi, 13 Machi
Vifusi naviponda viwe kokoto za kaunta mpya. Mikono imechubuka. Wekesa amekuja bila kuitwa, akachukua nyundo nyingine. Sijamsamehe. Nilimwachia upande wa jua kali, mimi nikakaa kivulini.

Jumatatu, 17 Machi
Jivu jipya limefika. Mama Mehta amekubali kusubiri kaunta mpya, ila alitaka aone kwa macho yake tukichanganya. Amekuja na viatu vya mpira. Akachota jivu kwa kiganja, akalinusa, akapiga chafya. Hakuna aliyecheka. Wekesa alipoanza kueleza, Mama Mehta alimkatiza: "Wewe nyamaza. Aeleze Nafula." Alikaa mpaka karai la mwisho.

Jumapili, 23 Machi
Kaunta iko chini ya magunia mabichi, ikomae polepole. Nimeibonyeza ukingoni. Bado haijakomaa. Rangi yake ni ya tope.
Wekesa ameenda kanisani bila mimi. Amerudi na ndizi, akaziweka mezani, akatoka nje.
Nimekula moja. Mvua imeanza.